Siri ya Blauzi za Bi Halyna

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Kazi imeingia! Bi Halyna, mke wa Daktari Xavery wa Mtendeni, anamwoza binti yake wiki ijayo. Wasichana sita watacheza ngoma ya kwao Bi Halyna, Ukraini. Anataka blauzi zenye nakshi za huko. Nimemwambia nazijua tangu utotoni. Sijawahi kuziona. Nikipatia, kikundi chake chote cha ngoma kitashonesha kwangu. Nikikosea, kinakwenda kwa Nassibu, fundi wa upande wa pili wa barabara. Leo huyo kanisalimia mara mbili. Kwa nini mara mbili?

Jumanne, 5 Agosti
Nilitaka kuiuliza akili mnemba kwenye simu. Mara nikamwona Nassibu kainamia simu yake, anacheka. Mashine ni hiyo hiyo! Itashindwaje kumnong'oneza? Nikaipiga chenga: nimeiambia blauzi ni za msibani. Mke wangu, Mwanamkuu, kasema sasa nagombana na simu. Hajui mambo.

Jumatano, 6 Agosti
Nakshi imekuja! Nyeusi na bluu juu ya kitambaa cheupe. Nzuri ajabu. Mashine imenipa pole. Nikajibu tumeshapoa. Nadarizi mlango umefungwa. Nassibu kaja kuazima mkasi. Mkasi anao! Nimempa butu. Bi Halyna naye kaomba kuona kazi. Nimekataa. Anataka kumwonyesha nani?

Jumamosi, 16 Agosti
Harusi. Wasichana wakatoka, vigelegele ukumbi mzima. Bi Halyna akaangua kilio. Nikajua nimepatia! Nikasimama nipokee pongezi. Akaniambia kwao rangi hizo ni za kuzikia, kisha akaniuliza nani kafa. Bibi harusi akasikia, naye akaanza kulia. Kikundi kimehamia kwa Nassibu pale pale. Aibu! Sikugusa pilau. Labda kidogo.

Jumatatu, 18 Agosti
Nimewaza sana. Kosa langu? Hata kidogo! Nassibu na mashine wamenipangia. Mwanamkuu kanishauri niiambie mashine ukweli, walau mara moja. Nassibu angefurahi!
Mchana kaja Bernadeta wa kwaya ya Wamoraviani. Mwenzao amefariki. Wanataka majoho yenye nakshi ya heshima kwa maziko ya Alhamisi. Nimemhakikishia asiwe na shaka. Safari hii hawanipati. Mashine nimeiambia ni harusi. Imenipa hongera, na nakshi ya majogoo wekundu wa kupendeza sana.