Sanduku Linalojua Joto la Kesho

"Nimesema siuzi!"

"Mama Sidonie, sikiliza kwanza..."

"Nilikusikiliza mwezi iliyopita. Masikio yangu bado inauma."

Chrispin Candia alijifuta jasho ambalo halikuwapo, na hilo ndilo lililomtia wazimu. Nje, mji wa Koboko ulikuwa unachemka kama mafuta ya mandazi. Ndani ya ukumbi huu wa harusi kulikuwa na ubaridi wa kisimani, na jenereta imenyamaza. Juu ya ukuta lilining'inia sanduku lake la bati, lenye taa moja ya kijani.

Duniani kote mteja ndiye humsaka tapeli. Siku hiyo tapeli alikuwa amesafiri kutoka Arua kumbembeleza mteja amrudishie uongo wake.

"Sanduku ulinipa, pikipiki yangu ukachukua," Mama Sidonie alisema. "Ni kama ndoa ya kanisa. Hakuna kurudisha."

Mambo yalianzia kwenye harusi moja ndani ya ukumbi huohuo. Chrispin haalikwi na mtu, hufika tu. Kadi ilisema saa nne asubuhi, kwa hiyo kila mtu alijua kwamba ni alasiri, isipokuwa Mama Sidonie, mwenye ukumbi. Tangu asubuhi viyoyozi vilipuliza viti vitupu, na jenereta ikanywa dizeli kama mlevi wa siku ya mnada. Bwana na bibi harusi walipoingia, tangi lilikuwa limekauka, na wageni wakajipepea kwa sahani za karatasi. Mama Sidonie akasimama mlangoni akiilaani jenereta, watu waliomuuzia jenereta, na joto lenyewe kwa Kifaransa. Chrispin akamtazama, kisha akatazama pikipiki mpya iliyoegeshwa nyuma ya jiko. Mtu mwenye hasira na mali ni shamba lililokwisha kulimwa. Linangoja mbegu tu.

Alirudi na tai shingoni na sanduku kwapani. Alikuwa amelipata kwenye chuma chakavu kule Pajulu. Skrubu zake zilikuwa zimeshikwa na kutu, naye hakujisumbua kulifungua. Alilipaka rangi, akalibandikia taa, akaliandalia hotuba.

"Mama, AC ya kawaida iko mjinga. Inangoja joto iingie, ikae, ikunywe chai, ndiyo ianze kuifukuza. Hii yangu inaona mbele. Inajua jua ya kesho. Inajua ukuta yako inashika joto namna gani. Inajua batu watakuja wangapi na saa gani. Inapoza nyumba wakati joto haijafika. Mvua ikiwa bado huko Kongo, yeye iko na mwavuli tayari."

Hotuba hiyo aliiiba kwenye video ya simu, ambamo profesa mmoja wa Ulaya alieleza namna ya kuendesha majengo kwa kukisia joto kabla halijaingia. Chrispin hakuelewa hata nusu, ila alipenda jinsi maneno yalivyokaa mdomoni. Tena kazi yake ina sheria: ukiuza uongo, uufunge kwa masharti mengi, ili mteja asipoona matokeo ajilaumu mwenyewe. Basi akamtwisha mama wa watu masharti yote ya profesa. Fungua madirisha alfajiri, kuta zinywe ubaridi. Yafunge na kushusha mapazia kabla jua halijapanda. Usiwashe viyoyozi kwa saa ya kadi. Viwashe muda mfupi kabla watu hawajaingia, na uvizime kabla hawajatoka.

"Ukikosa moja tu, Mama, mashine inakasirika."

Akaondoka juu ya pikipiki ya Mama Sidonie, akicheka njia nzima mpaka Arua.

Kisha akatokea Saturnino. Alimkuta Chrispin pale Ediofe, karibu na kanisa kuu: mwanamume mrefu, Kiswahili chake cha Juba, suti yake ya buluu ikimeta. Alisema anajenga hoteli chini ya Arua Hill. Alisema alihudhuria harusi Koboko, akahisi baridi mpaka akaomba chai, na jenereta ikiwa imelala.

"Nataka hiyo sanduku," alisema. "Si ndugu yake. Hiyo yenyewe. Wewe taja bei, mimi nitaongeza juu."

Chrispin alicheka kwanza. Halafu akawauliza madereva wanaotoka Koboko, na wote wakasema kitu kimoja: kwa Mama Sidonie kuna baridi siku hizi. Akaacha kucheka. Akakumbuka zile skrubu zenye kutu. Nani alijua sanduku lile lilitoka wapi? Huenda wazungu wa misaada walilitupa bila kujua. Na hapo akafikiri jambo ambalo tapeli mwenye akili hapaswi kulifikiri kamwe: labda ni kweli.

Ndiyo maana sasa alikuwa amesimama mbele ya Mama Sidonie, akibembeleza.

"Nitakuletea mbili mpya."

"Peleka kwa mama yako."

"Nitakuletea sola."

"Jua iko ya bure, na hapa iko mingi. Bado nini?"

Mama Sidonie akachungulia dirishani, polepole, kama mtu anayetafuta kuku wake.

"Pikipiki iko namna gani? Inakula vizuri?"

Pikipiki ile ilikuwa miguu ya Chrispin, ofisi yake na heshima yake. Bila hiyo alikuwa mtu mwenye tai amesimama kando ya barabara. Lakini hoteli ya Saturnino, ambayo haikuwa na hata tofali moja, ilikuwa imekwisha kumjengea Chrispin nyumba ya ghorofa, kumuoza mke na kumnunulia gari.

"Mama, hiyo iko ngumu."

"Basi acha sanduku yangu ifanye kazi. Unaiharibia baridi na mdomo yako."

Chrispin akatoa ufunguo. Mama Sidonie akautia kifuani, benki isiyofungwa hata Jumapili. Chrispin akapanda kiti, akalishusha sanduku, akalikumbatia kama mtoto aliyepona surua. Hakungoja hata kutoka nje. Akampigia simu Saturnino.

Simu ikaita jikoni.

Akaikata. Jikoni pakanyamaza. Akapiga tena, jikoni pakaita tena. Mlango ukafunguliwa, akatoka mwanamume mrefu aliyevaa aproni, mwiko mkononi, simu sikioni.

"Hallo? Ndiyo, mheshimiwa. Mimi iko hapa."

"Saturnino?" Sauti ya Chrispin ilikuwa imekonda. "Hoteli iko wapi?"

"Iko jikoni. Leo inatoa mbuzi."

"Huyu ni mpishi yangu," Mama Sidonie alisema. "Na ile suti ni ya kukodisha bwana harusi. Umenichafulia kola, Saturnino."

Chrispin akaketi, sanduku mapajani.

"Siku ile ile nilifungua na kisu," Mama Sidonie aliendelea. "Ndani iko betri moja imevimba, na mende na bibi yake na watoto yao. Nilitaka kuja Arua nikuvunje meno. Lakini nikasema, acha kwanza nifanye masharti yote, nipate kukutukana vizuri. Nikafungua alfajiri. Nikafunga. Nikangoja. Baridi ikakuja, na dizeli ikabaki kwa tangi! Mjinga wewe. Ulikuwa na dawa ya kweli, ukauza chupa."

"Lakini... saa ya wageni? Uliijuaje?"

"Bibi harusi anaweza kuingia na nywele haijakauka? Napigia binti yangu Mireille huko saluni. Akitoa kichwa ya bibi harusi kwa mashine, mimi nawasha AC. Kadi ni ya kupamba ukuta."

"Nitaenda polisi."

"Enda! Waambie uliniuzia mende, halafu ukanunua mende yako tena. Mimi nakusindikiza. Nataka kusikia ukieleza."

Saturnino alicheka mpaka mwiko ukadondoka. Kabla hajauokota, simu ya Mama Sidonie ikalia.

"Mireille? Ametoka? Leo mapema hivi? Ee Mungu wangu!" Akageuka. "Saturnino, chukua pikipiki, kimbia ulete sahani. Mimi niko na wali motoni. Na jua imegeuka, na upande hiyo madirisha yote bado iko wazi!"

Akamtupia ufunguo mpishi, kisha akamtazama Chrispin kutoka viatuni mpaka kwenye tai, kama mtu anayechagua nyanya zilizobaki jioni.

"Wewe. Masharti unayajua, uliyatunga mwenyewe. Sanduku imekufa, nataka mutu wa kufanya kazi yake. Mshahara nitakwambia kesho. Leo iko chakula. Ama tembea mpaka Arua na mende yako."

Nje, pikipiki ilinguruma, ikapinda kona, ikapotea. Barabara ya Arua iling'aa kwa joto. Jikoni, mbuzi alikuwa ameanza kunukia.

"Haraka!" Mama Sidonie alipiga kelele, tayari yuko mlangoni mwa jiko. "Batu inakuja na joto yao!"

Chrispin akavua koti, akalitundika juu ya sanduku, akaenda kufunga dirisha la kwanza.