Salongo ya Kwenda Japani

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Leo naanza shajara. Naandika kwa Kiswahili safi cha vitabu, si Kingwana cha barabarani, kwa sababu siku moja Wajapani wataiweka ndani ya kioo na watu watapita wakiitazama. Mimi ni Bilali, mwana wa Papa Mahmoudi mshonaji, mjini Kisangani. Diploma ya taifa: asilimia hamsini na moja. Kuna waliopata chini ya hapo. Hilaire, jirani yetu, alipata sitini na nane, lakini anavaa miwani.

Karatasi za kuomba chuo cha Japani ziko tayari. Imebaki video tu. Dakika tatu. Wanataka kuona mwombaji amewatendea nini watu wa mtaa wake, na maneno yote yaandikwe chini kwa Kiingereza. Mwisho wa kutuma ni Jumapili.

Nimewaza mchana kutwa nimewatendea nini watu wa mtaa wangu. Nimewaza tena jioni. Bon.

Wakati wa kula Papa alitoa neno lake la mwisho. Japani wakinikubali, atanishonea suti kwa mkono wake na kunibariki. Wakinikataa, ni Ubundu kwa Tonton Hemedi, mdogo wake, kukausha samaki. Niliuliza mpaka lini. Akasema mpaka ninuke moshi kama tonton. Mungu wangu! Tonton Hemedi akija kututembelea, paka wa avenue nzima wanamfuata.

Jumanne, 7 Oktoba

Maandalizi. Nimekula lituma kwa vijiti viwili vya mishikaki, kama Wajapani. Ndizi zilizopondwa hazishikiki kwa vijiti. Dada yangu Nuru, msusi wa nywele, ambaye ananizidi miaka mitatu na hilo limempanda kichwani, alikaa mbele yangu akala sahani yake kwa mkono. Halafu akala yangu.

Nimejifunza pia kuinama. Mteja aliingia kwenye atelier ya Papa, nikainama. Naye akainama, akauliza kama sindano imeanguka. Niliona haya kumweleza. Tuliitafuta sindano muda mrefu.

Jioni Hilaire alipita kuniambia kwamba na yeye anaomba chuo kilekile. Mnafiki! Eti kama nahitaji msaada wa video, nimwambie. Yake iko tayari: anafundisha hesabu watoto wa wavuvi, bure, tangu miaka miwili. Miaka miwili mtu anajiandaa kunidhulumu mimi!

Jumatano, 8 Oktoba

Wazo! Salongo! Kila Jumamosi asubuhi avenue yote inatoka na mafagio na majembe kusafisha. Mimi sijawahi kufika, nina ugonjwa wa mgongo unaonishika Jumamosi alfajiri na kuniachia saa sita. Lakini Jumamosi hii nitafika. Nuru atanipiga video. Amekubali, nimwoshee vyombo mpaka Noeli.

Nilitoka kukagua takataka. Balaa: hakuna takataka! Mama Chimène, muuza mikate wa ng'ambo ya barabara na rais wa salongo, amesugua mpaka mfereji wa maji ya mvua. Mtu anaweza kupikia mle ndani. Nilimwomba kwa heshima kama angeweza kuacha uchafu kidogo mpaka Jumamosi. Akanishika paji la uso kuona kama nina malaria.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi kuinama nimeshajifunza. Kama avenue haina takataka, nitailetea.

Nimejaza mifuko miwili sokoni. Bure kabisa, hata walinishukuru. Nikaipakia kwenye toleka, baiskeli ya kukodi, na njiani mwenye baiskeli akauliza ni mizigo gani hii inayodondosha maji. Nilimwambia ni mambo ya chuo kikuu. Akaendelea kukanyaga, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye pua.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mchana, watu wakiwa msikitini na Mama Chimène akiuza mikate yake sokoni, nilimwaga yote mferejini, pamoja na mifuko yenyewe. Upande wetu kidogo, mbele ya Mama Chimène nyingi, kwa sababu kule mwanga ni mzuri zaidi. Maganda ya ndizi, mabua ya majani ya muhogo, vichwa vya samaki. Nilifunika kwa majani ili mtu asije akasafisha kabla ya wakati.

Jioni mvua imeanza. Vizuri, kila kitu kitang'aa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Ah! Ah! Ah!

Mfereji uliziba. Maji yote yaliingia jikoni kwa Mama Chimène. Unga wake ulitoka mlangoni wenyewe, ukielea. Avenue yote ilikuja, na chef de quartier, mkuu wa mtaa, na fimbo yake. Wakachokoa mfereji, wakatoa mfuko umeandikwa kwa rangi nyekundu ATELIER PAPA MAHMOUDI. Niliandika mwenyewe mwaka jana. Mwandiko mzuri, unasomeka kutoka mbali.

Papa aliutazama mfuko. Halafu alinitazama mimi.

Chef de quartier akaamua: nisafishe peke yangu, na mikono, watu wote wakitazama. Niliingia mpaka magotini. Mama Chimène alisimama juu yangu, mikono mbinguni: "Zoba! Bichafu ya soko umeileta mbele ya mulango yangu! Toa yote na mikono! Na ile kichwa ya samaki, toa!" Nililia, sioni haya kusema, harufu peke yake ingemliza askari. Hilaire alinipa koleo na maji ya kunywa. Ili watu wamwone, bila shaka.

Na Nuru? Alipiga video yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Picha inatikisika kwa sababu ya kucheka.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimetazama video. Wee! Ni nzuri kuliko niliyoipanga! Kijana kwenye matope, machozi, umati wa watu, mama amenyoosha mikono juu. Ukiondoa sauti, ni mtakatifu.

Lakini kwa nini niondoe sauti? Nani Japani anajua Kingwana? Hakuna! Nimeandika Kiingereza chini, taratibu, kwa upendo. Pale anaposema zoba, yaani mjinga, nimeandika shujaa. "Bichafu ya soko umeileta mbele ya mulango yangu" nimeandika: umeleta nuru mlangoni kwangu. "Toa yote na mikono" nimeandika: Mungu aibariki mikono yako. Kichwa cha samaki kilinisumbua. Mwishowe nikaandika: amina.

Nimetuma. Nuru aliniuliza kama sioni aibu. Nikamwambia aibu haihitajiki, haimo kwenye karatasi walizoomba.

Ijumaa, 24 Oktoba

Wameniita! Interview, Jumanne saa tatu asubuhi, kwa simu. Wanasema video yangu imewagusa sana, hasa profesa mmoja. Hilaire pia wamemwita, lakini yeye hawakumwambia habari ya kuguswa. Niliuliza.

Papa hakuwa amenisemesha tangu salongo. Leo alinipima mabega na mita yake. Halafu akatoa kitambaa cha kijivu kutoka chini kabisa ya sanduku. Kile anachowawekea watu wakubwa.

Jumanne, 28 Oktoba

Suti yangu haijaisha, donc nilichukua koti la chef de quartier lililokuwa linangoja kwenye atelier. Papa alikuwa sokoni. Nuru akasimamisha simu yake kwenye cherehani.

Wajapani watatu. Mama mmoja, kijana mmoja, na mzee mmoja mwenye nywele nyeupe aliyekaa kimya pembeni. Niliinama vizuri sana. Mkono wa kushoto wa koti ulibaki mezani. Kumbe ulikuwa umeshikizwa na uzi tu! Niliendelea kama mtu aliyekuja na mkono mmoja kwa makusudi.

Maswali ya Kiingereza yalipita vizuri. Waliuliza juu ya yule mama wa video. Nikasema ananipenda kama mwanawe wa kumzaa. Hapo ndipo mzee akasogea karibu, akasema: "Mbote, leki. Kisangani, mvua iko inanyesha?"

Kingwana! Na Lingala: ananisalimu na kuniita mdogo wake! Na sauti ya watu wa Yanonge kabisa, kule chini ya mto! Profesa huyu alikaa miaka mingi kwenye misitu ya huku kwetu akichunguza sokwe. Alinieleza taratibu kwamba Yanonge walikuwa wakimwita zoba kila alipoanguka na pirogue, mtumbwi wa huko, na kwamba hakuna siku neno hilo lilimaanisha shujaa. Halafu akakariri maneno ya Mama Chimène, yote, na kichwa cha samaki. Akacheka mpaka akavua miwani akafuta macho. Mama Mjapani akauliza kuna nini. Akamtafsiria. Sasa wote watatu wakacheka.

Nilifikiri imekwisha. Lakini profesa akaniambia: amekwenda mbali, ameona waongo wa kila aina, na mwongo aliyelia kweli kwenye matope anaweza kufundishika. Nafasi yangu ipo bado. Niandike ukurasa mmoja: ilikuwaje. Ukweli tu. Mpaka Ijumaa.

Nafasi ipo! Niliinama. Mkono wa pili ukatoka.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimeandika ukweli. Wote: mgongo wa Jumamosi, mifuko, toleka, unga unaoelea. Nilimpa Nuru asome. Alikisoma mara mbili, kitana mkononi. Halafu akasema ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuandika, kinachekesha na kinahurumisha. Akasema, Bilali, nakuomba, tuma sasa hivi, kabla hujakigusa.

Alipoenda kusuka mteja nilikisoma tena. Ukweli ni mzuri, sikatai. Lakini unamkosesha mtu heshima. Nimekigusa kidogo tu. Kwanza habari ya mfuko: ikaonekana afadhali uwe umeibwa. Mfuko ukiibwa, lazima kuwe na mwizi. Alors, Hilaire. Na kama Hilaire ndiye mwizi, basi aliyemwaga ni nani? Mtu hawezi kuacha hadithi katikati. Mwishoni nilikuwa nasafisha uchafu wa Hilaire kwa moyo safi, na machozi yale yalikuwa ya kumwombea msamaha.

Nimetuma. Nimelala vizuri.

Jumatano, 5 Novemba

Profesa amejibu mwenyewe, kwa Kingwana. Nanakili hapa, ili dunia ijue: "Leki, hadithi yako iko muzuri sana. Lakini ule kijana wa miwani ku video, mwenye anakupa koleo na maji ya kunywa, si ndiye Hilaire? Yeye pia tulimuuliza juu ya siku ile. Alisema hakumbuki nani alimwaga. Tumemukubali yeye. Wewe, nasikitika kabisa."

Hakumbuki! Alikuwa amesimama pale! Ona jinsi mtu anavyojua kujipendekeza.

Mchana avenue nzima ilimwaga poda juu ya Hilaire, kama siku ya matokeo ya diploma. Ngoma, vigelegele, Mama Chimène anacheza. Nilisimama karibu naye ili poda inifikie. Watu wa avenue nyingine wakanipa mkono, wakanipongeza. Sikutaka kuwaharibia furaha.

Papa hakupiga kelele. Alisema tu kwamba walikuwa wameniachia mlango wazi, nikaruka ukuta. Halafu akaichukua suti ya kijivu, imebaki vifungo tu, akampelekea Hilaire. Ilibidi aipunguze mabega. Niliisikia cherehani ikipiga mpaka watu wakaacha kucheza. Hapa hakuna mtu anayenisoma bado, basi niseme: iliniuma. Nilienda nyuma ya choo nikalia, na safari hii hakukuwa na harufu ya samaki ya kusingizia.

Jumapili, 16 Novemba

Ubundu. Nilivuka mto, halafu pikipiki kutwa nzima. Tonton Hemedi alinipokea kwa mikono miwili, akanipa kitanda chake, yeye analala chini. Mtu wa roho nzuri. Paka wawili wameshaanza kunifuata.

Jioni, nikigeuza samaki juu ya moshi, nilijiuliza kwa dhati wapi nilikosea, maana mwenye akili hujifunza. Na nimeona! Kosa lilikuwa kuchagua nchi yenye wachunguzi wa sokwe. Mbele ya duka la betri hapa kuna mahali simu inashika, na nimepata chuo kimoja Uturuki. Uturuki! Nani anakaa Yanonge kutoka Uturuki? Wanataka video ya mwombaji akionyesha ushujaa.

Nimeshapanga na Tonton. Kesho asubuhi ataanguka kutoka kwenye pirogue, katikati kabisa, pale maji yanapokwenda kwa nguvu, nami nitajitupa kumwokoa. Amekubali palepale, hakuuliza hata swali. Aliniambia tu nijue mapema kwamba yeye hajui kuogelea. Nikamtuliza. Mimi pia sijui, lakini kwenye video hilo halitaonekana.