Ng'ombe Asiyetoa Gawio

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kutoka semina ya hisa, Nyakato. Soda bure! Mtoa mada, Jonathan, amesema thamani ya hisa ni gawio litakalokuja, mwaka hadi mwaka. Akaanza kueleza habari za faida inayobakizwa. Hapo nilikuwa nimefuata soda ya pili. La msingi nimelishika: hakuna gawio, hakuna thamani.

Sasa najiuliza kuhusu Kadogo, ng'ombe wetu wa ushirika kule Mkolani. Wenye hisa tuko watano. Hisa yetu mimi na Rose alitupa baba mkwe siku ya harusi. Gawio ni maziwa. Mwezi mzima sijaona hata tone!

Jumatano, 5 Machi

Mkutano wa wenye hisa, kwa mzee Mayala anayemtunza ng'ombe. Dorcas, mweka hazina, akasoma hesabu. Eti faida imepanda! Nikanyoosha mkono. Faida gani isiyoonekana kwenye chai? Dorcas akasema Kadogo ana mimba, amepumzishwa kukamuliwa ili ndama akue. Nikawaambia mimba si gawio. Mzee Mayala akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia. Akasema alimfahamu marehemu baba, alikuwa mtu wa ng'ombe haswa.

Kilichonishangaza ni Luhende, kaka yake Rose. Kanivuta pembeni, anataka hisa yetu. Tena kwa bei kubwa kuliko ya mwaka jana! Gawio limekauka, bei imepanda. Inawezekanaje? Nimewaza njia nzima. Jibu ni moja tu: shemeji hakuhudhuria semina.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemuuzia! Rose hajui. Atanishukuru.

Pesa yote nimeiweka kwa Farouk, mwenye mashine ya juisi ya miwa hapa Mabatini. Huyo ndiye mfanyabiashara! Mauzo ya siku anagawa yote jioni ileile, habakizi kitu. Nikamuuliza mbona mashine inalia hivyo. Akasema ukimwita fundi, fundi anakula gawio. Nimependa msimamo wake.

Ijumaa, 7 Machi

Gawio la kwanza! Nimenunua maziwa ya pakiti. Rose akauliza ya Kadogo yataanza lini. Nikamwambia subira huvuta heri.

Jumapili, 9 Machi

Mashine imekufa. Gia zimesagika. Fundi anataka pesa, na pesa tulishagawana. Farouk anasema tuchange.

Kadogo kazaa. Jike! Luhende alikuja na habari hiyo, anacheka hadi magego. Rose akapiga vigelegele, akauliza maziwa yetu yataletwa siku gani. Nikajikohoza. Luhende akajibu kwa niaba yangu.

Rose hakugomba. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, kama zawadi ya baba yake ilikuwa yangu kuuza. Bora angegomba. Nimeona aibu, sikuweza kumtazama.

Jumanne, 11 Machi

Rose bado haongei nami. Nimeamua kurekebisha mambo. Asubuhi alipotoka nimekagua mali zote za nyumba hii, moja moja. Kuku wake alikuwa anataga kila siku. Sasa ameacha kabisa! Wiki ya tatu hii amekalia mayai kutwa, hashuki ila kula pumba zetu. Gawio sifuri.

Nimemuuza, pamoja na mayai yote aliyoyakalia. Mnunuzi ni Luhende. Hata kuomba kupunguziwa hakuomba. Najiuliza, kwa nini watu wengine hawajifunzi?