Tairi Kwenye Kisima cha Mama Zuhura

Jamani, leo nimeumbuka mpaka nashindwa kuinua uso. Naandika haya nikiwa nimekaa juu ya mifuko ya simenti huku Mkunya, Newala, na tairi la nyuma la Fuso langu limo ndani ya kisima cha mama mkwe. (Mkwe mtarajiwa. Sasa hivi hata huo utarajiwa siuelewi.)

Nianze mwanzo. Zuhura mnamjua, yule fundi cherehani wa hapo Masasi ninayewachosha kwa habari zake kila siku. Washenga wangu wanapeleka posa kwao Ijumaa hii. Yeye muda wote amekuwa akinisifia kwa mama yake kwamba mimi ni dereva makini sana. Mama akasema vizuri, anahitaji mifuko arobaini ya simenti kwa ajili ya ukarabati, basi huyo dereva makini ailete mwenyewe amwone.

Nikaoga mara mbili. Nikavaa shati la kola. Tingo wangu nikamwacha Masasi kwa makusudi, maana ana mdomo na anayajua mambo yangu mengi. (Huyo tingo ndiye husimama nyuma ya gari kunielekeza nikipiga rivasi. Endeleeni kusoma.)

Mlima wa kupandia Newala niliupanda bila tatizo, mzigo umetulia, napiga mluzi. Shida ikaanza nilipofika nyumbani kwao. Kinjia cha kuingia uani kimebanwa na mikorosho pande zote mbili, lazima uingie kinyumenyume. Na huku juu ardhi ni mchanga mtupu, ukisimama na mzigo umezama. Nikachungulia kwenye kioo. Kando ya nyumba nikaona sakafu ya zege, pana, imefagiwa vizuri. Nikasema moyoni, watu hawa wastaarabu kweli, wamejenga mpaka maegesho. Nikailenga.

Nikiwa narudi nyuma polepole, nikamwona mama mmoja mtu mzima anatoka jikoni mbio, kanga inataka kumdondoka, anapunga mikono yote miwili. Nikajua ndiye. Moyo ukajaa furaha, nikadhani ananikaribisha. Sasa mkwe ukishamwona, utamnyamazia vipi? Nikatoa kichwa dirishani, gari bado linarudi, nikapaza sauti, "Shikamoo, mama!"

Hapo adabu ikatuponza wote wawili. Salamu ya mtu haiachwi ikaanguka chini. Mama Zuhura akashusha mikono, akafunga kanga yake vizuri, akasimama wima.

"Marahaba, mwanangu. Hapo unapo..."

Hakumaliza. Zege lilipasuka, gari likakaa kitako upande mmoja, mimi nikagonga kichwa kwenye fremu ya dirisha. Halafu nikasikia maji.

Ndugu zangu wa huko chini, sikilizeni niwafundishe nilichojifunza leo saa nne asubuhi. Huku juu maji yako mbali. Mwenye uwezo anachimba shimo uani, analisakafia, analifunika kwa zege, na mvua inateremka humo kutoka kwenye bati. Hayo ndiyo maji ya kunywa ya familia nzima mpaka masika mengine yaje. Ile haikuwa maegesho. Ulikuwa mfuniko.

Majirani wakaja na ndoo kuokoa maji, wakachungulia, wakakuta grisi yangu inaelea juu. Wakageuka na ndoo zao tupu. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Mama Zuhura akalizunguka gari lote, kisha akasimama mbele yangu.

"Wewe ndiye Saidi?"

Wallahi nilitaka kusema Saidi anakuja na gari la nyuma. Lakini kwenye bampa, pale pale alipoegemea, kumeandikwa kwa rangi nyekundu: SAIDI MAKINI. (Rangi yenyewe nilipaka wiki iliyopita, kwa ajili ya safari hii.)

"Ndiyo, mama."

Akaniambia kwa upole kwamba simenti aliagiza kwa sababu mfuniko wa kisima ulikuwa na ufa. Akanionyesha kwa kidole ukubwa wa ule ufa. Ulikuwa mdogo sana, jamani. Nikaapa nitajenga mfuniko mpya kwa mikono yangu, na nitamletea maji kwa gari hili hili mpaka mvua zije. Akaitikia kwa kichwa tu. Nampenda sana Zuhura, nikaona nikinyamaza hapo nitakuwa nimempoteza kwa sababu ya rivasi. Nikajikaza nikauliza.

"Mama, na Ijumaa?"

Akanitazama, akalitazama tairi langu linalooga kwenye maji yake.

"Washenga waje. Ila waje wameshakunywa maji kwao."

Akaingia ndani. Tangu hapo nimekaa hapa nalitafakari jibu lile na sijui nimekubaliwa au nimefukuzwa. Gari la kunivuta linatoka Newala mjini, nalo linasema linakuja. Zuhura ametuma ujumbe sasa hivi, anauliza mama ameuonaje udereva wangu.

Asicheke mtu, nawaomba. Na ninyi mnaopeleka mizigo ukweni, chukueni hili moja: kwanza breki, ndipo shikamoo.