Laini Kumi na Nne za Swalik

Saa saba na nusu mchana redio ya Mbambu, muuza kahawa, ilitangaza kwamba vijana wanne wa Kasese mjini wamekamatwa, na kwamba wenyewe hawajui wamefanya nini. Walitafuta kazi kwenye intaneti. Kampuni ikawaandikia barua nzuri, ikaomba picha ya kitambulisho, mbele na nyuma, ikaomba na video ya uso, halafu ikanyamaza kimya. Baada ya mwezi polisi wakaja na pingu: laini za simu zenye majina yao zimetapeli watu mpaka Mbarara.

"Wajinga," Breki akasema, akaomba kahawa ya pili.

Breki ni Swalik, dereva wa lori. Jina hilo alipewa siku lori lake lilipokataa kusimama pale Kikorongo, akaruka chini, akalikimbiza kwa miguu huku analiita. Pembeni yake kwenye benchi la Mbambu, karibu na maegesho ya malori hapa Bwera, alikaa Célestin. Huyo anaitwa Profesa kwa sababu alifundisha Kifaransa Butembo, Kongo, kabla vita havijamvusha mpaka. Siku hizi anatafsiri karatasi kwa simu, kazi za watu asiowaona, wanaomlipa siku wakikumbuka.

Profesa alikuwa anaangalia kahawa yake kama ina maandishi ndani. Juzi na yeye alipata barua nzuri. Na asubuhi hii hii alituma kitambulisho, mbele na nyuma, pamoja na video ya uso. Kitambulisho kilikuwa cha Breki. Na uso pia.

"Mutu mukubwa, iko na akili, anatuma karte yake ya kitambulisho kwa mutu hamujue," akasema Esperance, mfanyabiashara wa vitunguu kutoka ng'ambo ya mpaka. Benchi zima linamwita Mama Kitunguu. "Kwetu hata mbuzi haumupatie mutu bila kuuliza baba yake njo nani."

"Mama, si ujinga, ni shida," akasema Shafic wa boda boda. Wanamwita Chapu, kwa sababu hajawahi kufika mapema. "Mtu amesoma, amekaa nyumbani miaka tatu. Akiona barua imeandikwa 'Mpendwa', hata roho inapona."

"Shida gani?" Breki akasema. "Mimi niko na shida tangu nizaliwe, na bado sijageuza shingo mbele ya simu. Ati angalia kushoto. Ati angalia kulia. Ati cheka kidogo. Mtu mzima anageuka-geuka kama kuku imeona nyoka!"

Akawaonyesha. Akaangalia kushoto, akacheka kidogo. Benchi likavunjika mbavu, Mama Kitunguu akajifuta macho kwa kitenge. Breki akapata moto, akaanza tena kwa faida ya wapita njia. Kushoto. Katikati. Alipofika nusu ya kulia shingo ikasimama.

"Profesa."

"Ndiyo, kaka."

"Asubuhi ulisema simu yako iko na kamera mpya."

"Nilisema vile."

"Ukaniambia niangalie kushoto."

"Ndiyo, kaka."

"Ukaniambia nicheke kidogo."

"Ulicheka muzuri sana. Bale ba kampuni balisema sura inaonekana safi."

Mbambu aliweka birika chini.

"Na kitambulisho yangu? Ile ulisema unaenda nayo kusajili laini ya shemeji yako?"

"Shemeji yangu haiko," Profesa akasema. "Nisamehe, kaka. Balikatala karte yangu ya mukimbizi. Minatuma mara tatu, mashine inasema haiijue. Njo nikafikiri: karte ya Breki ni karte ya siye bote. Laini yangu iko kwa jina lake. Ya Mama Kitunguu iko kwa jina lake. Ya batu bengi ba hapa iko kwa jina lake. Nikasema na kazi ikuwe kwa jina lake. Ata barua ya pili ilikuya leo hivi: 'Mpendwa Swalik, hongera.' Nilifurahi juu yako."

"Ngoja," Chapu akasema. "Kwa hiyo aliyepata kazi ni Breki?"

"Ya kutafsiri."

"Breki anajua Kifaransa?"

"Anajua bonjour."

"Bonjour na mazuti, ile dizeli yao," Breki akasahihisha. Akasimama, akakaa, akasimama tena. "Profesa, nikitoka jela nitakupiga."

"Ni haki yako, kaka."

Mbambu ndiye aliyekuwa na akili ya kufanya kitu. "Swalik, jela iko huko inakungoja, haina haraka. Hao watu sasa hivi wako wanafungua laini na jina lako. Kimbia kwa duka la simu, waambie wafunge jina, isitoke laini ingine hata moja. Wanafunga saa kumi na moja."

Breki akapanda boda ya Chapu bila kuuliza bei, kitu ambacho hakijawahi kutokea.

Profesa akabaki na Mama Kitunguu, aliyemsema kwa Kiswahili, halafu kwa Kinande cha kwao, halafu kwa Kiswahili tena ili Mbambu asikose. Profesa alikuwa anakumbuka siku aliyovuka mpaka na watoto wawili, hana simu, hana mtu. Breki alikuwa amemjua kwa saa mbili tu. Alimpeleka dukani, akaweka kidole chake kwenye mashine, akamwambia: "Ukitaka kumtukana mtu na hiyo laini, mtukane polepole. Jina ni langu." Hakuomba hata soda.

Na sasa mtu huyo anaweza kulala kituo cha polisi kwa sababu ya utapeli ambao hajui hata kuutamka.

Saa tisa na nusu boda ikarudi. Breki akashuka polepole kama mgonjwa. Akaomba maji.

"Walikataa," akasema.

"Balikatala nini?" Profesa akauliza.

"Walinikataa mimi."

Wakamsogelea. Breki akanywa maji yote kwanza.

"Kuna msichana pale, kucha yake ndefu hivi. Nikamwambia mimi ni Swalik, jina langu imeibiwa, funga. Akasema sawa mzee, lakini lazima tujue ni wewe. Jina hii iko na laini kumi na nne. Nitachagua tatu, uniambie jana ulipigia nani. Ya kwanza ilikuwa yangu, nikapita. Nikaona hii kitu ni rahisi."

"Halafu?"

"Ya pili nikasema sijui. Akaangalia kompyuta, akaniangalia. Akasema: huyu Swalik kila siku saa kumi na moja asubuhi anapigia Butembo, dakika arobaini."

Wote wakageukia Mama Kitunguu.

"Ni bei ya kitunguu," akasema.

"Dakika arobaini, mama?"

"Kitunguu iko mingi."

"Ya tatu," Breki akaendelea, "Swalik anapigia mwanamke huko Kinyamaseke. Usiku. Mara tisa."

Chapu alikuwa ameinama, anakagua tairi la boda ambalo halikuwa na shida yoyote. "Ni abiria," akasema.

"Mara tisa?"

"Anasafiri sana."

"Nikamwomba nafasi ingine. Akanipa ya nne. Ile inapigia redio kila jioni, inaomba nyimbo za harusi."

Mbambu akanyoosha mkono, akazima redio. "Kitambulisho yangu ilibebwa na maji ya mafuriko pamoja na kabati," akasema. "Na mtu hawezi kukaa bila muziki."

"Msichana akafunga kompyuta," Breki akasema. "Akaniambia kwa heshima kabisa: mzee, huyu Swalik sisi tunamjua. Ni mteja mzuri. Anafanya biashara na Butembo, iko na mpenzi huko Kinyamaseke, anapenda harusi, na kila usiku anasoma Kifaransa kwa intaneti. Si wewe. Halafu akaita askari. Askari akanishika hapa, kwa kola. 'Wewe mzee, toka nje! Huoni haya, unataka kuiba jina ya mtu?'"

Chapu alianza kucheka, akaona uso wa Breki, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Kwa hiyo mwizi ni mimi," Breki akasema taratibu. "Na yule mwizi, sasa iko na picha, iko na video, mimi nikiwa nacheka. Yeye akienda pale watampa kiti."

Profesa akaangalia saa ya simu yake. Saa kumi kasoro dakika kumi. Alisimama. Benchi halikuzoea kumwona akisimama haraka.

"Tuende," akasema.

"Wapi?"

"Kule dukani. Bote. Kila mutu na simu yake. Bakiuliza Butembo, Mama Kitunguu anajibu. Bakiuliza Kinyamaseke, Chapu anajibu."

"Mbele ya watu?" Chapu akauliza.

"Mbele ya watu. Bakiuliza harusi, Mbambu. Bakiuliza Kifaransa, niko. Na mimi njo nitaanza, nitaeleza vile nilituma hiyo karte. Kama askari anataka kola ya mutu, ashike yangu."

Breki akanyoosha kola yake. Mbambu akamwagia makaa maji mchana kweupe, wateja wawili wakiwa bado na vikombe mkononi, akawaambia wamalizie kwa jirani. Mama Kitunguu akafunga kitenge upya kama mtu anayeenda kwa hakimu. Chapu akaiacha boda, maana haiwezi kubeba watu watano, na akaanza kutembea wa mwisho, anafuta kitu kwenye simu yake kwa kidole cha haraka.

Walipofika barabarani Breki akasimama.

"Na mimi je? Mimi nasema nini pale?"

"Wewe kaka," Profesa akasema, "usiseme kitu. Ukifungua kinywa tu, batajua Swalik si wewe."

Breki akafikiri, akaona ni kweli, akafunga kinywa, wakaenda.