Mhamisheni Mama Yangu kwenye Ndege Nyingine

Ndugu Meneja wa Safari za Ndege Ndogo,

Pokea salamu kutoka kambini, ng'ambo ya kijiji chetu cha Mittimatalik, huku kaskazini kwenye barafu, ambako sisi ni wazima na mbu ndio kwanza wameamka. Mimi ni Ulaayu Qamaniq, mpishi wa watafiti wa barafu na abiria wenu wa kila kiangazi. Naandika kwa heshima zote, na kwa hasira kidogo, kuomba rubani wenu Aaluk ahamishwe, kwa sababu yeye ni mama yangu.

Wewe umetoka kusini, kwa hiyo nitaeleza mara moja tu. Mama alifariki nikiwa msichana mdogo. Mtoto wa jirani aliyezaliwa baada ya msiba akapewa jina lake, na mtoto huyo ndiye Aaluk; kwetu, anayepewa jina la marehemu huwa ndiye marehemu aliyerudi. Tangu hapo mimi humwita mama, naye huniita binti yangu, ingawa ana ndevu na ni mimi niliyembeba mgongoni. Hapa kwetu hakuna anayeshangaa. Tatizo ni kwamba ninyi mmempa ndege.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mizani. Kabla ya kupanda, kila abiria hupimwa pamoja na mzigo wake. Watafiti hupimwa kimya kimya. Zamu yangu ikifika, Aaluk hupaza sauti: "Binti yangu, umenenepa! Mama nimefurahi!" Watu wote hucheka. Mama mzazi akikusifia unene, utamjibu nini?

2. Boksi langu la nyama ya sili, mnyama wa baharini tunayemla huku. Uzito ukizidi, cha kwanza kushushwa ni hilo. Mashine za kupimia upepo zinapanda, nyama inabaki. Angekuwa rubani mwingine ningempa vidonge vyake. Lakini mama akisema "acha", mtoto anaacha. Nikawapikia watafiti maharage ya kopo mfululizo, mpaka wakaniuliza kama wamenikosea.

3. Kurudi ndiko kubaya zaidi. Ndege ile ile iliyokosa nafasi ya nyama hurudi imejaa barafu. Barafu, Ndugu Meneja! Imefungwa kwenye masanduku kama mayai, na samaki wangu wakavu wanaachwa. Nilipouliza kwa upole, akanijibu, "Wewe mbishi tangu utotoni. Funga mkanda." Utotoni! Utotoni mwangu yeye alikuwa akinilowesha mgongo.

4. Kila jioni huita kwenye redio ya upepo, kambi nzima ikisikia, kuuliza kama nimekula na kama soksi zangu ni kavu. Sasa watafiti nao wananiuliza habari za soksi.

Kwa hiyo naomba mama apelekwe njia ya mbali, na mtuletee rubani asiye na jina la mtu wa ukoo wangu. Najua ni kazi, maana mjomba wangu ni fundi wenu wa injini na bibi yangu ndiye mpakia mizigo. Ikishindikana, basi toeni amri kwamba angani Aaluk ni rubani tu, na umama uanze magurudumu yakigusa chini.

Wasalimie wote ofisini, na bibi yangu mwambie asirushe maboksi.

Wako mtiifu kwa kampuni, si kwa rubani,
Ulaayu Qamaniq

Nyongeza: Sikuwa nimefunga bahasha ukungu uliposhuka. Aaluk alikuwa angani peke yake, akituletea mafuta ya jiko, na redio ikanyamaza. Watafiti waliniambia nikae. Sikuweza. Nilikimbilia kwenye changarawe anapotua, nikaita "Mama!" ndani ya ukungu, mtu mzima mimi mwenye wajukuu, kama nilivyoita utotoni, siku ile mbwa waliporudi wakikokota sleji ya mama, gari lake la thelujini, ikiwa tupu. Niliogopa sana, sikufichi. Ndipo nikasikia injini. Alishuka, akanitazama, akasema, "Kelele zote hizo za nini, binti yangu? Si nimekuja?"

Ndugu Meneja, ukimhamisha mama yangu, nitakuja huko ofisini mwenyewe.