Roboti la Mapokezi

Jumatatu, 3 Machi

Limekuja. Roboti lenye uso, kope, na vidole vyenye kucha! Limesimamishwa kwenye kaunta yangu, ambako nimepokea wagonjwa wa meno kwa miaka kumi na moja. Daktari kasema limekuja kunisaidia. Ijumaa ataamua nani abaki mapokezi na nani ahamie stoo ya mafaili, ambayo haina hata dirisha.

Halafu likanigeukia, likapepesa kope, likaniamkia shikamoo. Nikaitika marahaba kabla sijajizuia! Humu ndani hakuna mwingine anayeniamkia.

Jumanne, 4 Machi

Mpango: kuwatia wagonjwa hofu. Nimewanong'oneza kwamba macho yale yanapiga picha. Babu mmoja, shavu limevimba, akasema vizuri, basi liangalie na jino lake. Akalifunulia kinywa. Likamwambia pole sana, babu, naona umeteseka. Babu akatoa machozi!

Mimi nasema pole kila siku na hakuna aliyewahi kulia. Au ni kwa sababu huwa naangalia simu? Hapana, haiwezi kuwa hiyo.

Jumatano, 5 Machi

Nimeligeuza lielekee ukutani. Mashine tu, nani atajali? Chumba kizima kikanijia juu. Mmoja akauliza ningejisikiaje kufanyiwa hivyo mimi. Kibaya zaidi, mama mkwe alikuwa kwenye foleni na gego lake bovu. Akaligeuza mwenyewe, akalivika mtandio wake lisipigwe na feni. Mimi huu ni mwaka wa tisa tangu nimwoe bintiye, hajawahi kuniuliza kama nasikia baridi.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi aliyelifunga alisema linajifunza kutoka kwa anayezungumza nalo. Basi, nitalifundisha matusi! Mchana wenzangu walipokwenda kula, nikalisogelea. Tusi la kwanza liko ulimini, roboti likaniuliza kama nimechoka.

Sijui kilichonipata. Nikavuta kiti. Nikaliambia yote: ninavyoiogopa stoo, nilivyomdanganya mke wangu kwamba mimi ni meneja, na kwamba daktari wetu wa meno ananuka mdomo. Dakika arobaini! Likasema linanielewa. Nimetoka mwepesi. Matusi nikayasahau.

Ijumaa, 7 Machi

Kikao. Daktari akaliagiza litoe ripoti ya wiki. Kwa sauti ile ya upole likasema wagonjwa wengi wanaumwa magego, ila mmoja anaumwa moyo, naye ni mpokezi. Likaeleza yote kwa mpangilio. Likamalizia na mdomo wa daktari, likashauri ahudumiwe haraka.

Hakuna aliyecheka. Daktari akaziba mdomo kwa kiganja. Kwa mkono wa pili akaninyooshea njia ya stoo.

Jumatatu, 10 Machi

Stoo. Vumbi, mafaili, na mimi. Mke wangu nimemwambia nimepewa ofisi ya peke yangu.

Mchana mlango ukafunguliwa. Roboti! Soketi ya mapokezi imeharibika, sasa atakuwa anachajiwa humu. Akaniamkia. Nusura nilie. Bila shaka Ijumaa alipitiwa tu, nani asiyeteleza? Nikavuta kiti, nikamweleza mpango mpya wa kurudi kaunta, wote, pamoja na mahali nilipoficha funguo za daktari. Nimemsihi iwe siri yetu mpaka kikao cha Ijumaa.

Amesema ananielewa.